Kupima moto wa roketi bila kuugusa: kamera, wembe na balbu ya gari

Kila mtu akianza kuwasha mota ndogo za roketi swali la kwanza ni themokapo (waya wa kupima joto) gani itavumilia ule moto, na jibu ni kwamba hakuna ya kukusaidia. Zile za aina ya K tunazouziwa hapa Nairobi zinafika digrii 1,260 hivi, platinamu yenyewe inayeyuka kwa 1,768, na injini kuu za shuttle za Marekani zilikuwa zinachoma kwa karibu digrii 3,300 ndani ya chemba yenye presha ya zaidi ya bar 200. Sawa, mota yako si ya shuttle, lakini hata kama waya wako ungevumilia bado ungekupa namba ya uongo, juu mkia wa moto unatoka kwa nozo (mdomo wa mota) kwa kasi inayozidi sauti, na ukiweka kitu chochote mbele yake wimbi la mshtuko linasimama pale pale mbele ya ncha, gesi inagonga breki, inapata joto zaidi, na wewe unasoma joto la gesi ambayo umeiharibu mwenyewe.

Kwa hivyo tunapima kwa mwanga, ama ule moto unautoa wenyewe ama ule tunaupitisha ndani yake. Na kabla hujanunua chochote shika hili moja: mwanga peke yake haukupi namba. Unakupa namba ukiulinganisha na kitu unakijua tayari, kilichopigwa picha na kamera ile ile, setingi zile zile, siku ile ile. Nimeona timu zikitafuta kamera ya kasi miezi mizima halafu kalibresheni wanaipa dakika tano, na mwisho wana video tamu sana ya moto ambayo haina hata namba moja ndani yake. Nataka wewe utoke uwanjani na namba.

Mambo ya kuchanganya fueli hayamo humu kabisa. Hiyo ifanyike chini ya chuo au klabu yenye vibali na mtu mwenye uzoefu, na mota iwe imefungwa kwa stendi, si ya kupaa.

Hatua ya 1: Jua unauliza nini

Hakuna kifaa kimoja cha kukujibu kila kitu. Ukitaka kuona mawimbi ya mshtuko na umbo la mkia, unapima vile gesi inapinda mwanga. Ukitaka joto, unalinganisha rangi mbili. Ukitaka kujua ni nini kinaungua mle ndani, au kama nozo yako inaliwa, unaangalia spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake. Ukitaka kujua kama mwako unatetemeka, unasikiliza mwanga kwa fotodayodi, kijisensa cha mwanga. Andika swali kwa karatasi, sentensi moja, ubandike kwa meza ya kazi. Kama sentensi ina "na" ndani yake, hayo ni majaribio mawili.

Hatua ya 2: Panga uwanja

Chukulia kwamba mota itapasuka. Watu wote wakae mbali nyuma ya ukuta au magunia ya mchanga, kuwasha ni kwa waya mrefu, na hakuna mtu anashika kamera kwa mkono. Kamera nayo isitazame moto moja kwa moja. Iweke kando, nyuma ya kinga, itazame kupitia kioo kilichoinamishwa digrii 45, ili kitu kikiruka kivunje kioo cha bei ndogo kiiache kamera. Tatizo la kioo cha kawaida ni kwamba rangi yake ya fedha iko upande wa nyuma, kwa hivyo unapata picha mbili zimekaribiana, moja kali na nyingine hafifu. Kwa video ya kawaida haisumbui, kwa vipimo inasumbua sana, basi tafuta kioo kilichopakwa upande wa mbele, hata kile cha ndani ya mashine kuukuu ya fotokopi au skana kinafaa.

Kinga ya kuona ndani iwe polikaboneti, si ile perspex ya kawaida ambayo ikigongwa inapasuka vipande vyenye makali. Ukienda Industrial Area uliza kwa jina, na usikubali "ni sawa tu na hii nyingine".

Hatua ya 3: Anza na kompresa ya hewa, moto baadaye

Hii ndiyo hatua watu wanaruka na ndiyo inafundisha zaidi. Hewa ikitoka kwa tundu dogo inafika kasi ya sauti pale kwa tundu kama presha ya ndani inazidi ya nje kwa kama mara 1.9. Sasa Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na presha ya hewa yetu ni kama kilopaskali 83, si 101 kama Mombasa, kwa hivyo kilopaskali 160 hivi kamili tayari zinatosha. Kompresa ya fundi wa tairi inapita hapo mbali sana.

Chukua kompresa ya bar 8 kwa geji na tundu la milimita 2. Geji inasoma tofauti na hewa ya nje, kwa hivyo presha kamili ni 8 ujumlishe 0.83, yaani kama bar 8.8. Gawanya kwa 0.83, unapata 10.6. Kuna kanuni inayojulikana tangu miaka ya 1960, kazi ya Ashkenas na Sherman, kwamba diski ya mshtuko, yaani wimbi la mshtuko linalokata jeti ya namna hii, inasimama umbali wa 0.67 mara kipenyo cha tundu mara kipeuo cha pili cha uwiano wa presha. Kipeuo cha 10.6 ni 3.26, piga hesabu, unapata kama milimita 4.4 kutoka mdomoni. Uwiano wetu uko chini kidogo ya mahali kanuni hiyo inafanya kazi vizuri zaidi kwa hivyo ichukue kama makadirio, lakini mtambo wako wa hatua ya 4 au ya 5 ukikuonyesha kitu milimita 4 hadi 5 kutoka kwa tundu, unaona kitu cha kweli. Ukikiona milimita 9, rudi ukague skeli ya picha na geji.

Hakuna moshi, hakuna kibali, hakuna hatari kubwa ukivaa miwani na kuziba masikio. Kaa hapa mpaka upate jibu lile lile kila mara.

Hatua ya 4: Ukuta wa madoa

Hii ndiyo njia naipenda kuliko zote juu inataka kamera, karatasi na kompyuta, basi. Ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wazo lake ni lile lile unaliona mchana pale Thika Road jua likiwaka, magari ya mbele yanaonekana kucheza kwa sababu hewa ya moto juu ya lami inapinda mwanga. Unaweka ukuta wa madoa nyuma ya moto, unapiga picha kabla ya moto, unapiga wakati wa moto, halafu programu inakwambia kila doa limesogea kiasi gani. Doa likisogea maana yake mwanga ulipinda njiani, na mwanga ukipinda maana yake uzito wa gesi unabadilika hapo.

Weka ukuta mita 3 kutoka kwa kamera na moto uwe kati ya hivyo viwili, mita 2 kutoka kwa kamera, mita 1 mbele ya ukuta. Tumia lenzi ya milimita 50. Mwanga ukipindishwa na moto kwa miliradiani 1, doa litaonekana limesogea milimita 1 pale ukutani. Kwenye sensa hiyo ni kama mikromita 17, na kama pikseli ya kamera yako ni mikromita 4 hivi, ambayo ni kawaida kwa kamera nyingi za mtumba za lenzi za kubadilisha, umepata msogeo wa pikseli 4. Programu nzuri inasoma mpaka sehemu ya kumi ya pikseli, kwa hivyo uko vizuri sana.

Madoa yachapishwe ovyo bila mpangilio, karatasi isiyong'aa, ukubwa wa A1, maduka ya River Road wanatoa hiyo ukiwa unangoja. Kila doa liwe na upana wa kama pikseli 3 kwenye picha, na kwa vipimo vya hapo juu hiyo ni milimita 0.7 ukutani. Doa dogo kuliko hapo programu inaruka ruka kwa pikseli nzima, kubwa sana unapoteza maelezo.

Fokasi iwe kwa madoa, usifokasi kwa moto. Ukishaipata bandika ringi ya lenzi na seloteipu na uzime otofokasi. Apacha iwe ndogo, f/16, ili moto wenyewe usiwe na ukungu mwingi. Kwa mpango huu ukungu pale kwenye moto ni kama milimita 1, maana yake kitu chembamba kuliko hapo hutakiona hata ukinunua kamera ya milioni, kwa hivyo usianze kueleza watu kuhusu vitu vya nusu milimita ulivyoona.

Sasa tatizo kubwa. Moto unawaka sana kuliko karatasi yako na picha inakuwa nyeupe tupu. Dawa yake ni kuchagua rangi ambayo moto wako hauna nguvu nayo. Mioto mingi ya mota ndogo imejaa sodiamu, inayong'aa njano kwa nanomita 589, na potasiamu inayong'aa kwa 766 na 770, na kidogo tena kwa 404. Katikati hapo, kwa nanomita 450 hivi, mambo yametulia kidogo. Kwa hivyo mulika ukuta kwa LED kali za buluu na uweke filta nyembamba ya buluu mbele ya lenzi. Masizi bado yatatoa mwanga kidogo hapo lakini kidogo kweli, juu moto wa masizi ni mwekundu zaidi kuliko buluu.

Kuhusu kugandisha mwendo, hebu tuwe wakweli na hesabu. Gesi ikitoka kwa mita 1,200 kwa sekunde na shata yako ni 1/4000, gesi imesafiri sentimita 30 wakati shata iko wazi. Hiyo si picha ya papo hapo, ni wastani. Kugandisha ndani ya milimita 1 unahitaji mwanga wa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, ambayo inawezekana kwa LED inayosukumwa na saketi maalum, lakini usianzie huko. Mawimbi ya mshtuko ya nozo inayofanya kazi vizuri yanasimama mahali pamoja, kwa hivyo wastani unayaonyesha fiti. Kile unapoteza ni vurugu za pembeni. Simu pia inatumika kwa wastani, ila kumbuka sensa ya simu inasoma mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, kwa hivyo juu na chini ya picha si wakati mmoja.

Programu: OpenPIV ni ya bure na inatumia Python. Anza na madirisha (vipande vya picha ambavyo programu inalinganisha) ya pikseli 32, kisha 16. Kabla hujaiangalia picha hata moja ya moto, iambie ilinganishe picha mbili za ukuta mtupu. Jibu linapaswa kuwa sifuri, na haliwi sifuri kamwe, huwa ni kama 0.1 ya pikseli. Hiyo ndiyo sakafu yako. Chochote chini ya hapo kwa picha ya moto si kitu.

Fanya kazi saa moja asubuhi. Ikifika saa tano ardhi imepata joto na hewa yote kati ya kamera na ukuta inacheza, sakafu yako inapanda mara kadhaa.

Hatua ya 5: Kioo cha darubini na wembe

Shilireni ya kioo, njia ya kuona gesi ikipinda mwanga kwa kutumia kioo na wembe, ni ya zamani zaidi, August Toepler aliiweka sawa 1864, na Ernst Mach pamoja na Peter Salcher wakaitumia kuonyesha mawimbi ya mshtuko ya risasi, picha zilizotoka 1887. Unahitaji kioo cha darubini kilichochimbika, kipenyo kama sentimita 15, na urefu wa fokasi wa mita moja ni mzuri. Weka LED nyuma ya karatasi ya foili yenye tundu la sindano, umbali wa mara mbili ya urefu wa fokasi kutoka kwa kioo. Mwanga utarudi na kutengeneza doa dogo kando ya pale ulipotoka. Hapo kwenye doa ndipo unaweka wembe, unausukuma na skrubu polepole mpaka unakata nusu ya doa, kamera iko nyuma ya wembe inatazama kioo. Ukiwa umepatia, kioo chote kinakuwa giza sawasawa kwa pamoja. Kama giza linaingia kutoka upande mmoja, wembe uko mbele au nyuma ya mahali pake.

Weka mkono mbele ya kioo, utaona hewa ya joto ikipanda kutoka kwa mkono wako.

Wembe ukisimama wima unaona mabadiliko ya kushoto na kulia, ukilala unaona ya juu na chini. Kwa jeti inayopulizwa kulalia, anza na wembe wima. Kalibresheni nenda duka la miwani uombe lenzi hafifu kabisa ya dayopta 0.25. Urefu wake wa fokasi ni mita 4, kwa hivyo milimita 10 kutoka katikati inapinda mwanga miliradiani 2.5, na unajua hilo bila kumuuliza mtu. Piga picha yake mahali pale pale jeti itakaa. Kila weusi na weupe kwenye lenzi sasa una namba, na ukiuona weusi ule ule kwenye jeti unajua mwanga umepinda kiasi gani. Lenzi hiyo hiyo ipeleke kwa ukuta wa madoa pia, itakuambia kama hesabu zako za umbali ziko sawa.

Kumbuka hewa ya hapa ni nyepesi. Uwezo wake wa kupinda mwanga umepungua karibu sehemu moja kwa tano ukilinganisha na usawa wa bahari, kwa hivyo namba za vitabuni, 0.00029 ile, zipunguze kwanza kabla hujazitumia.

Maoni yangu: kioo cha darubini kiache kwa hewa ya kompresa. Kwa mota yenye moto tumia madoa. Punje moja ya moto ikitua kwenye kioo hicho umepoteza kitu ambacho hapa si rahisi kukipata tena, na kioo hiki kinataka utulivu, lori likipita barabarani picha inaruka.

Hatua ya 6: Soma zile almasi

Ukiona almasi, yaani madoa yanayong'aa yakijirudia kwenye mkia wa moto, una kipimo cha bure. Pima umbali kutoka almasi moja hadi nyingine. Kwa jeti ambayo presha yake mdomoni haijaachana sana na ya hewa, umbali huo ni kama 1.3 mara kipenyo cha jeti mara kipeuo cha pili cha (Mach mara Mach, utoe 1), ambapo Mach ni kasi ya gesi ukigawanya kwa kasi ya sauti. Mfano, mdomo wa milimita 10 na almasi zimeachana milimita 22.6: gawanya, unapata 1.74 hivi, kwa hivyo Mach ni karibu 2. Kagua kwa njia nyingine: kwenye picha ya shilireni mikwaruzo midogo ya nozo inatupa mistari myembamba ndani ya jeti, na kwa Mach 2 mistari hiyo inafanya pembe ya digrii 30 na mwelekeo wa gesi. Njia mbili zikikubaliana nalala vizuri. Zikikataana, presha ya mdomoni iko mbali na ya hewa na kipenyo cha jeti si kipenyo cha nozo tena.

Kitu cha kwetu hapa: mota ile ile ukiiwasha Nairobi halafu uiwashe pwani, almasi hazitakaa sawa, kwa sababu hewa ya pwani inaubana mkia zaidi. Pale Malindi, kwenye jukwaa la San Marco, roketi za Scout zilikuwa zinapaa kutoka usawa wa bahari, na ndipo setilaiti ya Uhuru ilipanda tarehe 12 Desemba 1970. Ukilinganisha data yako na ya watu wa mahali pengine andika presha ya hewa ya siku hiyo kwanza.

Hatua ya 7: Joto kwa rangi mbili

Kitu kikipata joto mwanga wake unahama kutoka mwekundu kwenda buluu, na uwiano kati ya rangi mbili unakupa joto bila kujua kitu kiko mbali kiasi gani au kikubwa kiasi gani. Hottel na Broughton walitumia rangi mbili kwa masizi ya moto huko 1932. Kamera yako tayari ina filta nyekundu na ya kijani juu ya pikseli zake, kwa hivyo kifaa unacho, kile huna ni kalibresheni, na hapo ndipo balbu ya gari inaingia.

Nunua balbu ya halojeni ya volti 12, wati 55, Kirinyaga Road wamejaa nazo. Waya wake ni wa tungsteni, na ukinzani wa tungsteni unapanda na joto kwa namna inayojulikana vizuri kabisa: ukinzani ukiwa mara 10 ya ule wa baridi waya uko kwa kama kelvini 2,000, ukiwa mara 15 uko kwa kama 2,800. Kwanza pima ukinzani wa baridi, na usitumie mita ya kawaida juu uko chini ya nusu ya ohm na waya za mita zenyewe zinakaribia hapo. Pitisha mkondo mdogo wa ampea 0.1, soma milivolti moja kwa moja kwenye miguu ya balbu, gawanya. Kisha panda volti kidogo kidogo, kila mara andika volti na ampea, gawanya upate ukinzani, upate joto, na piga picha ya waya.

Picha ziwe RAW, si JPEG, kwa sababu JPEG kamera imeshachezea rangi. Hakuna pikseli hata moja iliyojaa mpaka juu, punguza shata mpaka uwe na uhakika. Chora grafu ya logi ya nyekundu gawa kijani dhidi ya moja gawa joto, unapaswa kupata karibu mstari ulionyooka. Ukipinda kidogo ni filta za kamera ni pana, ndio maana unahitaji nukta kadhaa wala si mbili tu.

Ukipiga picha ya moto sasa unasoma joto kutoka kwa mstari huo. Ila njia hii inasoma vitu vinavyong'aa kama kaa, yaani masizi na chembe. Gesi safi haing'ai hivyo. Na ile njano ya sodiamu ya 589 inaingia kwa nyekundu na kwa kijani pia na inaharibu kila kitu, kwa hivyo fanya hatua ya 8 kabla ya hii kwa mota yako mpya, na kama sodiamu ni nyingi tumia filta mbili nyembamba mahali penye utulivu badala ya rangi za kamera.

Kosa unalibebaje? Ukitumia nanomita 600 na 530, kwa kelvini 2,000, uwiano ukikosea kwa asilimia 10 joto linakosea kwa asilimia 6 hivi, yaani zaidi ya digrii 120. Andika hiyo kando ya kila namba. Mtu akikuletea joto la moto lenye "2,143" bila kosa lake, mrudishe.

Hatua ya 8: Spektra ya DVD

Boksi jeusi lisiloingiza mwanga, wembe mbili zikitazamana zimeacha ufa mwembamba, kipande cha DVD kilichobanduliwa ile sehemu ya kung'aa, na kamera. Mifereji ya DVD imeachana mikromita 0.74, ya CD ni 1.6, kwa hivyo DVD inatawanya rangi zaidi. Boksi ya karatasi inatosha kuanza, lakini peleka mchoro Kamukunji wakukunjie la bati, joto halitalipinda na halitapeperushwa.

Kalibresheni ni balbu ya zamani ya kuokoa stima, ile ya mrija uliojikunja, si ya LED. Ndani ina zebaki na inatoa mistari kwa nanomita 404.7, 435.8 na 546.1. Piga picha, weka namba hizo kwa pikseli zake, umepata rula yako. Balbu hizo zinapotea madukani kwa hivyo ukiipata itunze, na ikivunjika fungua madirisha kwa sababu ya zebaki.

Kwenye moto tafuta sodiamu 589, potasiamu karibu na mwisho mwekundu (kamera nyingi zina filta inayopunguza hapo lakini mara nyingi mstari una nguvu unapenya), na vipande vya molekuli za mwako: CH kwa 431, C2 kwa 516. Mwanga wa OH uko kwa 309, huo kioo cha kawaida na kamera ya kawaida haviuoni, unataka lenzi za kwatzi na sensa yake. Ukiona mstari wa njano una mstari mweusi katikati yake, usishangae, gesi ya nje yenye baridi kidogo inameza mwanga wa gesi ya ndani, na hiyo tayari ni habari kuhusu mkia wako.

Kitu chenye faida zaidi hapa ni metali. NASA walikuwa wanaangalia spektra za mkia wa injini za shuttle zikiwa kwa stendi, mradi uliojulikana kama OPAD, kwa sababu kipande cha ndani kikianza kuliwa, metali yake inaonekana kwenye mwanga kabla haijaonekana kwa macho. Wewe kwa nozo yako fanya hivi: choma kwanza chakavu ya metali ile ile kwenye mwali wa gesi ya kuchomelea, hifadhi spektra yake, kisha ilinganishe na ya mota sekunde kwa sekunde.

Hatua ya 9: Fotodayodi na maikrofoni

Fotodayodi moja, kwa mfano BPW34, iunganishe kwa saketi ndogo ya ampulifaya na uingize kwa soketi ya maiki ya laptopu. Kadi ya sauti inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde. Kama chemba ina urefu wa sentimita 25 na sauti inasafiri mita 1,000 kwa sekunde ndani ya gesi hiyo ya moto, mtetemo wa mbele na nyuma uko karibu na hertzi 2,000, na utauona ukipanda kwenye grafu ya masafa. Ukiuona kwa mwanga na kwa maikrofoni pia, ni wa kweli. Ukiona kilima kwa 100 haswa, hiyo ni taa ya stima, zima taa.

Njia za leza nitazitaja tu juu hatuna vifaa vyake uwanjani: leza ya dayodi ya karibu nanomita 1,392 inayomezwa na mvuke wa maji, leza ya kuwasha OH ili ing'ae tena, chembe zinazopigwa picha mbili za haraka kupata kasi, na CARS (njia ya kupima joto la gesi kwa leza) ambayo Wafaransa wa taasisi ya utafiti ya ONERA waliianzisha kwa mioto miaka ya 1970 na wakaitumia baadaye kwenye stendi yao ya Mascotte. Lampoldshausen huko Ujerumani, DLR, shirika lao la anga, wana chemba zenye madirisha ya kutazama mwako wa oksijeni na haidrojeni ndani kabisa. Ukipata nafasi ya kwenda kusoma huko, kalibresheni uliyofanya na balbu ya gari itakusaidia siku ya kwanza.

Jambo moja linahusu njia zote hizi, kubwa na ndogo. Kamera inajumlisha kila kitu njiani kutoka mbele hadi nyuma ya moto. Kama mkia ni mviringo sawasawa unaweza kurudi nyuma kwa hesabu za Abel upate kilicho katikati, na PyAbel ni ya bure. Kama mkia umeinama au unayumba, usijaribu, hesabu itakupa picha safi ya kitu ambacho hakipo.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Fika mapema. Andika presha na joto la hewa. Piga picha za lenzi ya 0.25, balbu ya gari kwa volti tatu tofauti, balbu ya zebaki. Piga picha 20 za ukuta mtupu. Weka LED ndogo ambayo kamera zote zinaiona na fotodayodi pia, iwake mara moja wakati wa kuwasha mota, hiyo ndiyo saa yenu ya pamoja. Kila mtu aende nyuma ya ukuta. Washa.

Moto ukizima mtu yeyote asiende kupongezana pale kwa stendi. Ngoja muda ule mliokubaliana, na wakati mnangoja, kwa rimoti, piga picha nyingine 20 za ukuta mtupu. Zilinganishe na zile za kwanza kabla ya kufungua faili yoyote ya moto. Kama ukuta umesogea zaidi ya 0.2 ya pikseli tangu asubuhi, tripodi ilitikiswa na data ya madoa ya siku hiyo ni ya kutazama tu, si ya kupima. Almasi, rangi mbili na spektra bado unazo.